Mwanamke Aliyekataa Mkeka wa Wageni

Sahani ya wali ilipitishwa juu ya vichwa vyetu mpaka ikamfikia Atuganile, naye akairudisha. Hakuisukuma kwa hasira. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama nyama iliyokuwa juu yake, halafu akamkabidhi tena binti aliyeileta.

"Rudisha jikoni," akasema. "Waambie sijafanya kazi, kwa hiyo sina njaa."

Binti akabaki amesimama, hajui aende wapi na sahani ile. Kwetu mtu hakatai chakula cha msiba. Ukikataa, wenye msiba wanaanza kujiuliza una nini nao, na kabla jua halijazama yameshapatikana maneno ambayo hayakuwepo. Na huu ulikuwa msiba wa mzee Ezekia, mtu aliyesuluhisha nusu ya magomvi ya mipaka ya mashamba huku Ngana. Hakuna aliyekuwa na neno naye, hata Atuganile.

Mimi nilikuwa naye mkeka mmoja. Doreen wangu alikuwa na miezi miwili, shingo bado laini, na mama mwenye mtoto mchanga hapewi kazi. Nikamgusa goti.

"Dada, kula basi. Watasema."

"Waseme. Wamenikalisha hapa na wageni miaka ishirini. Mgeni gani huyo asiyeondoka miaka ishirini?"

Akavuta fimbo yake ya mwanzi akaondoka. Sahani ikarudi jikoni ikiwa bado inatoa mvuke, na kule nyuma ya nyumba kelele zikakatika ghafla kama redio iliyozimwa.

Nieleze kwanza desturi ya kitongoji chetu, maana kwingine huenda wanafanya tofauti. Kwetu mwanamke anaingia jiko la msiba akiwa na ndoo ya maji kichwani. Ndoo ndiyo inayosema amekuja kufanya kazi. Akishaitua karibu na mafiga, yuko huru kushika kisu, mwiko, ungo, chochote. Anayekuja mikono mitupu ni mgeni. Anaonyeshwa mkeka ulio upande wa mbele, anapewa pole, na chakula kikiiva anakula kabla ya waliokipika. Sheria hii haijaandikwa mahali. Mama Sylvester, mwenyekiti wetu wa umoja wa akina mama, anasema aliikuta kwa mama mkwe wake, na mama mkwe wake aliikuta pia.

Atuganile ni jirani yangu. Nilipoolewa huku miaka minne iliyopita, yeye ndiye aliyenifundisha kuchachusha kakao. Nyumbani kwetu ni Lyulilo, ziwani, tunajua samaki na vyungu. Kakao nilikuwa naiona kwenye magunia tu. Ana miaka thelathini na tisa. Aliugua akiwa na mitatu, homa ikaondoka na nguvu za mguu wa kulia. Akitembea, mkono wa kulia unakandamiza goti lisikunjike, wa kushoto umeshika fimbo, na mwili wote unainama na kuinuka kila hatua. Mikono yote ina kazi, na kichwa hakitulii. Ndoo haiwezi kukaa juu ya kichwa kama kile. Ndiyo maana wakasema amesamehewa.

Waliolisema neno hilo walilisema kwa upendo, nami sitaki kuwasingizia. Alisamehewa maji, alisamehewa kuni, alisamehewa kulima barabara ya shule siku za msaragambo, kazi ya kijiji kizima, alisamehewa kusiliba kuta za kanisa. Kwenye daftari la umoja jina lake lilikuwa ukurasa wa mwisho, pamoja na bibi wawili wasioona, chini ya neno "wasiojiweza". Na huyo asiyejiweza alikuwa anachachusha kakao ya nyumba sita. Anageuza mbegu kwenye masanduku zikiwa bado na ute na uzito wake, anazianika kwenye vichanja ambavyo marehemu baba yake alivikata miguu ili avifikie akiwa ameketi. Ukienda kwake saa sita mchana unamkuta jasho limefika kwenye nyusi, na yeye ndiye anayekuuliza umechoka nini.

Siku ile ya msiba wa mzee Ezekia nilimfuata kwake jioni, nikiwa na Doreen mgongoni. Nilimkuta anamlisha mama yake, bibi Anyelwisye, uji kwa kijiko. Bibi alikuwa amebaki mifupa na macho. Atuganile hakunitazama.

"Umetumwa?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

"Keti." Akamfuta mama yake mdomo kwa ncha ya kitenge. "Mwaka huu au mwakani, mama Doreen. Mganga wa zahanati hakunificha. Sasa sikiliza. Siku hiyo ikifika, mama Sylvester atawaleta wanawake hapa, najua. Hawana roho mbaya. Lakini watakuja njia nzima wakisema, twendeni tukamsaidie yule maskini. Huyu hapa," akamwonyesha mama yake kwa kidevu, "alibeba maji ya misiba ya kitongoji hiki miaka hamsini. Halafu azikwe kwa huruma, kwa sababu mtoto pekee aliyemwacha hakuhesabiwa? Sitaki. Nataka waje kwa kuwa na mimi nilikwenda kwao."

Bibi Anyelwisye akafumba macho. Nilidhani amelala, lakini akasema kwa Kinyakyusa, taratibu sana, kwamba uji umepoa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, umoja wa akina mama ulikutana kwenye chumba cha watoto wa Jumapili, tumekaa kwenye mabenchi mafupi magoti yamefika kifuani. Atuganile aliinua mkono. Mama Sylvester akatabasamu, kwa sababu alidhani anataka kuomba radhi kwa ile sahani.

"Sema, Atuganile mwanangu."

"Naomba kuandikwa zamu ya misiba."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha kumwonea mtu aibu.

"Mwanangu," akasema mama Sylvester, "wewe umesamehewa. Pumzika. Kazi hii ni ya kujitolea, hakuna anayelazimishwa."

"Kama ni ya kujitolea, mbona mnanizuia kujitoa?"

"Hatukuzuii, tunakuonea huruma."

"Huruma sijaomba. Nimeomba zamu."

Prisca akadakia. Prisca ana mdomo, lakini pia ana mgongo wa chuma. Akibeba ndoo mbili anaimba. "Basi na mimi nisamehewe! Goti langu linalia tangu Krismasi. Nitakaa mkekani niletewe paja la kuku."

"Njoo uchukue nafasi yangu hata leo," Atuganile akamjibu. "Ina paja la kuku na inzi. Na kila anayepita anakuuliza, unaendeleaje na mguu?"

Sasa tukacheka kweli, na mama Sylvester akaona kikao kinamponyoka. Akagonga benchi. "Sikilizeni. Utaratibu ni mmoja. Mtu anaingia jikoni na maji. Siku atakayoingia Atuganile na maji, kwa njia yoyote, nitamwandika kwa mkono wangu. Tumemaliza. Tuombe."

Nilimwona Atuganile akiinamisha kichwa kwa sala, na midomo yake haikuwa inasali. Ilikuwa inapiga hesabu.

Msiba mwingine haukuchelewa. Alifariki mama wa mwendesha bodaboda Andongwisye, wiki mbili tangu mvua zikolee. Njia zetu wakati wa masika unazijua: udongo unashika ndala unabaki nayo. Mimi nilikuwa mkekani na Doreen tulipomwona anatokea migombani. Alikuwa amejifunga kamba kiunoni, na nyuma yake dumu la lita ishirini linaburuzwa kwenye tope. Anapiga hatua tatu, anasimama, anavuta. Gauni lilikuwa limelowa matope mpaka kifuani. Alikuwa ameanguka, tena zaidi ya mara moja. Kutoka bombani mpaka pale ni mwendo wa robo saa. Alitumia asubuhi nzima. Alipofika, wali ulikuwa umeshapakuliwa.

Wanawake wakatoka jikoni. Mmoja akaanza kupiga makofi, wakafuata wote. Wengine walikuwa wanalia. Mama Sylvester alimshika mabega akasema kwa sauti ya kanisani, "Mnaona jamani? Mnaona moyo wa huyu mtu? Nyie wenye miguu yenu mna kisingizio gani?" Wakamvua kamba, wakamfuta, wakamleta mkekani. Sahani ikaja, nyama imejaa.

Atuganile alikuwa anahema. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Prisca leo ameleta ndoo ngapi?" akauliza.

"Sita," akasema Prisca mwenyewe.

"Mmempigia makofi?"

Prisca akatikisa kichwa.

"Basi mimi nimecheza ngoma gani?"

Mama Sylvester akasema atamwandika, ahadi ni ahadi, kuanzia kesho. Na hapo ndipo Atuganile alipotushangaza. Alisema asiandikwe.

Nilimsindikiza nikiwa nimemshikia ile kamba. Tulipofika kwenye kakao zake akaegemea kichanja.

"Nimekosea, mama Doreen."

"Umekosea nini? Umeshinda."

"Nimeshinda mchezo wao. Nimekubali mtihani wa kijinga, nikaufanya, nikafaulu. Wakiniandika, kila msiba niburuze dumu, nifike kazi imekwisha, nipigiwe makofi, nile. Si ni mkeka uleule? Tofauti ni kwamba sasa nakuja nimechafuka." Akacheka, halafu akaacha. "Hivi umewahi kuyahesabu yale maji?"

Sikuwahi. Lakini kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa mkekani siku zile, na mtu wa mkekani hana cha kufanya ila kuangalia, msiba uliofuata nilihesabu. Ndoo thelathini na moja. Zilizotumika mpaka jioni hazikufika kumi na tano. Zilizobaki zilimwagwa migombani. Kila mwanamke alitaka aonekane anaingia na ndoo, akishaitua anarudi bombani kuleta nyingine, maana huko ndiko kwenye stori. Waliokaa kumenya ndizi walikuwa wanne. Mchele ulichambuliwa mbiombio na wawili, mzee mmoja wa kanisa akauma jiwe akashika taya mpaka mazishi. Chakula kikachelewa, kama kinavyochelewa siku zote, na siku zote tunasema ni kuni mbichi.

Nilimpelekea Atuganile habari hizo. Alizipokea kama mtu aliyeletewa samaki.

Mwezi wa tano alifariki mke wa mzee Ambilikile, mwenyekiti wa kitongoji. Msiba mkubwa, watu wametoka hadi Kasumulu na ng'ambo ya mto Songwe. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, mwanga ndio unaingia, nikidhani nitakuwa wa kwanza. Atuganile alikuwa ameshafika. Hakuwa na maji. Alikuwa amekaa jikoni, katikati kabisa, juu ya kigoda chake cha nyumbani, mguu ameunyoosha juu ya gunia, kisu mkononi. Pembeni yake palikuwa na mikungu ya ndizi iliyoshushwa jana yake, na lundo la maganda lilikuwa tayari limepita goti.

Mama Sylvester akaingia na ndoo yake. Akaitua polepole.

"Mugonile, mama," Atuganile akamwamkia, bila kuacha kumenya.

"Ndaga. Atuganile, mkeka uko mbele."

"Nimeuona nilipopita."

"Basi nenda ukapumzike, mwanangu."

"Nikimaliza mkungu huu. Na ule. Na ile mitatu kule."

Wanawake walikuwa wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja na ndoo kichwani, na kila mmoja akasimama nayo hukohuko kichwani akitazama. Mama Sylvester akashusha sauti. "Umeingia na nini?"

"Nimeingia na kisu."

"Utaratibu unaujua."

"Naujua. Niliufuata mara moja, mkanipigia makofi. Sirudii." Akaweka ndizi iliyomenywa kwenye beseni, akachukua nyingine. "Mama, nakuheshimu. Mkitaka nitoke, niondoeni. Siyo mzito, wawili wananiweza. Lakini mtanibeba mbele ya marehemu, na mchungaji yuko njiani."

Hakuna aliyesogea. Ndipo Prisca akatupa maneno, "Haya, kama ni hivyo, na sisi tuache ndoo tukae!"

"Kaeni!" Atuganile akaruka na neno kama alikuwa analingoja. "Ndilo ninalotaka kusema. Hesabuni hizo ndoo zilizoko chini, halafu hesabuni visu. Maji mnaleta ya kuoga kijiji kizima, ndizi zinamenywa na watu wanne, na saa tisa mnaanza kulaumu kuni. Mimi siwezi kubeba ndoo. Kumenya naweza kuanzia sasa mpaka jua lizame, maana kukaa ndiko nilikofundishwa na nyinyi wenyewe!"

Mtu mmoja nyuma alicheka akajiziba mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, Doreen mgongoni, na mama mkwe wangu alikuwa ananiangalia kwa jicho la kusema usithubutu. Nikaingia. Mikono mitupu, bila ndoo. Nikaketi chini karibu na Atuganile, nikamgeuza mtoto kifuani anyonye, nikavuta gunia la mchele na ungo.

"Huyu naye!" akasema Prisca.

"Nachambua," nikasema. Ndilo neno pekee lililotoka.

Halafu nikasikia kikohozi nyuma yangu. Alikuwa bibi Diana. Huyu alikuwa mpishi mkuu wa misiba zamani, kabla mgongo haujampinda, na mwaka wa nane sasa alikuwa mtu wa mkekani. Alikuwa amekuja kwa kushika ukuta. "Nisogeze hapo," akaniambia. "Wewe unachambua kama unatafuta chawa. Nipe ungo." Nyuma yake akaja Atupele, mimba ya miezi minane, ameshika kiuno. Naye hakuomba ruhusa. Aliuliza tu vitunguu viko wapi.

Mama Sylvester alitoka kidogo akachungulia upande wa mbele. Nilimwona kupitia mlango. Mkeka wa wageni ulikuwa mtupu, kuku anatembea juu yake.

Aliporudi hakutoa hotuba. Alisimama juu ya Atuganile, akachukua ganda moja kutoka kwenye lundo, akalishika juu kwenye mwanga.

"Haya nini? Maganda manene namna hii! Unamwaga nusu ya ndizi! Mama yako hakukufundisha kumenya?"

Nilishtuka, nikadhani ugomvi ndio umefika. Lakini nilipomtazama Atuganile uso wake ulikuwa umefunguka. Miaka ishirini kila mtu alimwambia vizuri, vizuri sana, hongera, pumzika. Hakuna aliyewahi kumgombeza kwa kazi mbaya.

"Kisu hiki butu, mama."

"Kisu butu, au mkono mvivu? Prisca! Mpe kisu chako."

"Changu?"

"Chako. Wewe si unabeba maji?"

Mambo hayakunyooka yote siku ile. Sufuria kubwa lilikuwa mbali na Atuganile, na kila beseni likijaa ilibidi mtu aje alichukue, na watu waligongana. Akaomba mafiga yasogezwe. Prisca akauliza tunahamisha jiko kwa ajili ya mtu mmoja? Bibi Diana akamwambia hesabu vizuri, tuko wanne, na wewe mwenyewe ukijaliwa umri utakuwa wa tano. Mafiga yakasogezwa. Tope la mlangoni likawekewa mbao mbili zilizong'olewa kwenye banda la mbuzi, na ajabu ni kwamba waliozitumia sana ni wenye ndoo. Chakula kiliiva saa saba. Mchungaji alipomaliza mahubiri akakuta sahani zimeshapangwa, akachanganyikiwa, maana amezoea kuongeza wimbo mmoja wa kusubiri.

Mama Sylvester hakusema hata siku moja kwamba sheria ya ndoo ilikuwa mbaya. Mpaka leo hajasema. Alichofanya, mkutano uliofuata alisoma zamu, na katikati ya majina, kwa sauti ileile ya kusomea mengine, akasema, "Ndizi, Atuganile. Mchele, bibi Diana na mama Doreen." Daftari likapita mikononi mwetu. Atuganile alifungua ukurasa wa mwisho kwanza. Jina lake lilikuwa limefutwa kwa kalamu, mistari miwili. Majina ya wale bibi wasioona yalikuwa bado yapo. Akayagonga kwa kidole mpaka mama Sylvester akasema, "Sawa, sawa, nitakwenda kuwauliza wenyewe." Nasikia mmoja alimjibu kwamba anaweza kukaa na watoto wa wanaopika, ila asiletewe wa Prisca.

Baada ya hapo Atuganile alifanya kazi misiba mitano na harusi moja. Msijenge picha ya malaika. Kwenye ile harusi alipewa sufuria la wali alisimamie, akaanza kubishana na mtu habari za bei ya kakao, wali ukaungua mpaka ukanuka barabarani. Walimsema wiki tatu. Alijibu kila aliyemsema, kwa kirefu.

Bibi Anyelwisye alifariki mwezi wa nane, mchana, uji ukiwa bado kwenye kikombe. Mimi ndiye niliyekimbia kwa mama Sylvester. Hakuniuliza swali. Alichukua daftari, akafunga kitenge, akaanza kupaza majina kutoka nyumba moja hadi nyingine, na walioitwa walitoka na visu, nyungo, ndoo, masufuria. Vijana walikuwa hawajamaliza kufunga turubai wakati jikoni kwa Atuganile wameshaanza kugombana nani achambue na nani amenye.

Yeye alikuwa ndani, amekaa chini karibu na mama yake, fimbo ameilaza ukutani. Nilikaa naye, kwa kuwa mfiwa haachwi peke yake. Akaingia shangazi yake mmoja kutoka Kasumulu, mwanamke wa biashara, ana sauti. Alilia kwanza, kisha akatazama dirishani, akaona ule umati wa wanawake kazini.

"Mungu awabariki hawa," akasema. "Wameacha kazi zao kuja kumsaidia huyu mtoto. Kilema, hana mume, hana mtu."

Atuganile aliinua uso wenye machozi.

"Shangazi, hao hawajaja kunisaidia. Kwa mke wa mzee Ambilikile nilimenya mikungu kumi na moja. Kwa kina Andongwisye, alipofiwa na baba yake pia, nilikaa siku mbili. Kwenye harusi niliunguza wali, waulize. Wamekuja kwa sababu ni zamu yao."

Sauti ya Prisca ikapita dirishani, maana kuta zetu hazifichi kitu. "Na wali ule tumbo langu bado linaukumbuka!"

Watu walicheka msibani, Mungu atusamehe, na Atuganile alicheka akilia. Baadaye nilimwona shangazi jikoni ameketi, ameomba kisu.

Tulizika kesho yake. Siku ya tatu, wageni wa mbali walipoondoka, mama Sylvester aliingia ndani na daftari kwapani. Alikuwa amechoka, macho mekundu kwa moshi. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamshika Atuganile mkono, na ule ulaini wa zamani ukamrudia, sijui hata kama alijua.

"Sasa mwanangu, wewe pumzika. Usifikirie mambo ya zamu. Chukua mwezi, chukua miwili, mpaka utakapojisikia."

Atuganile akautoa mkono wake taratibu.

"Mwingine akifiwa na mama yake, mnampa siku ngapi?"

Mama Sylvester akamtazama.

"Saba."

"Prisca alipofiwa mlimpa ngapi?"

"Saba."

"Basi na mimi ni saba. Sitaki sita, sitaki nane."

Mama Sylvester akafungua daftari juu ya goti, akalamba kidole, akapekua. "Siku ya nane ni Jumatano. Tunawapikia mafundi wa darasa jipya. Saa kumi na mbili asubuhi, wewe na Atupele. Ukichelewa nakukata jina."

"Kata uone," akasema Atuganile.